Kusoma jengo kabla ya kulipa jina: mwongozo kamili wa kutambua mitindo ya ujenzi, kuanzia Kasubi hadi miji ya kubuni

Ukipita Muyenga au Munyonyo, mitaa ya matajiri jijini Kampala, hukosi kuona nyumba yenye nguzo mbili nene mlangoni, zenye michirizi kutoka juu hadi chini, na hukosi mtu wa kukwambia kwamba hiyo ni nyumba ya Kirumi. Mwombe mwenye nyumba ruhusa, kisha gonga nguzo kwa kifundo cha kidole. Mara nyingi utasikia mlio wa kitu chenye uwazi ndani, kwa sababu ni ganda la saruji lililomwagwa kwenye kalibu na fundi wa kando ya barabara, likavishwa nguzo nyembamba ya zege. Lile ganda halibebi chochote. Ukilitoa kesho, nyumba itabaki imesimama.

Ndiyo maana siwashauri watu waanze na mapambo. Mapambo huja mwishoni kabisa mwa ujenzi, hununuliwa kwa bei nafuu, na kila mtu anaweza kuyanakili. Njia ya maji ya mvua na njia ya uzito kushuka ardhini ni vigumu sana kuzighushi. Hatua zilizo hapa chini zinafuata mpangilio huo: paa, mwili, matundu, ubavu na nyuma, vifaa, na nakshi mwisho. Jina la mtindo hulitafuti mpaka hayo yote yamekwisha.

Maandalizi

Chukua daftari, penseli na simu yenye kamera. Kampala iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua liko utosini na kila kilichojitokeza ukutani hutupa kivuli chini yake. Huo ndio wakati wa kuona jinsi jengo linavyojikinga na jua. Kwa nakshi za plasta nenda asubuhi au jioni, mwanga unapopita kwa mshazari na kuonyesha kila mstari.

Majengo ya serikali, kambi na vituo vya polisi usiyapige picha bila kuuliza. Askari wa mlangoni hatataka kusikia habari za matao. Kasubi, penye makaburi ya wafalme wa Buganda, na msikitini utavua viatu, na akina mama wavae nguo ndefu au wabebe leso ya kujifunga.

Kama huna pa kuanzia, panda mnara wa Msikiti wa Taifa kwenye kilima cha Old Kampala. Kapteni Lugard, Mwingereza wa kampuni ya kikoloni, alijenga ngome yake kwenye kilima hichohicho mwaka 1890. Kutoka juu unaona vilima vya Namirembe, Rubaga, Kibuli na mji wote wa katikati kwa mzunguko mmoja, na unaziona paa, ambazo ndizo hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Soma paa

Jiulize mvua inakwenda wapi. Mvua ya Uganda haina mzaha, na jengo lisilojua pa kuipeleka halidumu.

Nyasi zinahitaji mteremko mkali, la sivyo maji hutuama na nyasi zinaoza. Vigae vya udongo vinavumilia mteremko wa wastani, lakini ni vizito, hivyo ukiviona tegemea mbao imara chini yake na kuta nene chini ya mbao. Bati ni jepesi na linakubali kulala karibu bapa. Zege linaweza kuwa bapa kabisa, ingawa mafundi wanajua kuwa paa bapa ni ahadi ya kuziba nyufa kila baada ya masika. Kwa hiyo mteremko peke yake umekwisha kukwambia kitu kuhusu kifaa, na kifaa kitakwambia kitu kuhusu wakati.

Jengo bora la kujifunzia ni Muzibu Azaala Mpanga pale Kasubi. Lilijengwa mwaka 1882 likiwa ikulu ya Kabaka (mfalme wa Buganda) Muteesa I, na alipofariki mwaka 1884 likawa kaburi lake; wamezikwa humo makabaka wanne. Ukilitazama kwa nje utagundua kwamba ukuta karibu haupo. Paa linaanza kileleni na kushuka mpaka karibu kugusa ardhi, yaani paa ndilo jengo. Ndani, dari ni pete za matete zilizofungwa, moja nje ya nyingine, na idadi yake ni 52 kwa ajili ya koo 52 za Buganda. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na ujuzi huo hurithishwa ndani ya ukoo. Jengo liliungua Machi 2010, likajengwa upya kwa miaka mingi, na mwaka 2023 UNESCO ikaliondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mtu akikuuliza kama jengo lililojengwa upya bado ni la mtindo uleule, mwambie nyasi hazikuwahi kuwa za milele hata kabla ya moto. Ujuzi wa kuzibadilisha ni sehemu ya mtindo wenyewe.

Hatua ya 2: Tafuta kinachobeba uzito

Kuna njia mbili kubwa. Ama ukuta wenyewe unabeba, ama kuna mifupa ya nguzo na mihimili na ukuta umejazwa tu katikati. Dirisha ndilo litakalokuonyesha ni ipi. Ukuta unaobeba hauvumilii kutobolewa ovyo: madirisha yake ni membamba, yamepangana moja juu ya jingine, na ukiweka mkono kwenye kingo ya dirisha unapima unene karibu hadi kiwiko. Penye mifupa ya zege, dirisha linaweza kutambaa upande wote wa jengo na hata kukata kona.

Kanisa kuu la Rubaga, lililowekwa wakfu mwishoni mwa mwaka 1925, ni la ukuta unaobeba: matofali, minara miwili mbele, matao ya nusu duara. Hayo ni maumbo ya Romaneski, mtindo uliotawala Ulaya karne ya 11 na 12. Rubaga ni ya karne ya 20, kwa hiyo kwenye daftari andika "Romaneski iliyohuishwa". Neno hilo la mwisho usiliache. Karibu kila kanisa la zamani Afrika Mashariki linahuisha kitu ambacho Ulaya ilikuwa imekiacha karne nyingi nyuma.

Namirembe ina mtego wake. Jengo la sasa lilikamilika mwaka 1919, baada ya lile lililotangulia kuangamizwa na radi mwaka 1910. Ni la matofali mekundu na vigae, na kwa kuwa ni kanisa la Kianglikana watu huliita Gothiki bila kutazama mara mbili. Itazame kuba. Gothiki, iliyoanzia Saint-Denis karibu na Paris miaka ya 1140, hupenda kupanda juu kwa matao yenye ncha. Kuba ni mwana wa Roma na wa Bizanti. Ukikuta vitu vya nasaba mbili katika jengo moja, viandike vyote viwili. Hakuna sheria inayolazimisha jengo liwe na baba mmoja.

Na kuba yenyewe haikuambii dini. Namirembe inayo, Msikiti wa Taifa unayo, na hekalu la Kibaha'i la Kikaaya, lililozinduliwa mwaka 1961, linayo pia. Lile la Kikaaya utalitambua kwa kuhesabu pande zake: ni tisa, kama ilivyo kwa kila hekalu la Kibaha'i duniani.

Mazoezi ya katikati: miviringo minne

Simama kidogo kwenye hatua hii ya pili, maana hapa ndipo wengi huteleza. Nyumba ya duara nchini Uganda huitwa ya kienyeji kabla mtu hajashuka kwenye boda. Chukua miviringo minne uilinganishe.

Wa kwanza ni Kasubi. Ndani kuna nguzo nyingi za kushikilia paa, zimevishwa kitambaa cha gome la mti wa mutuba, na unapita kati yake kama unayepita msituni.

Wa pili ni basilika la Namugongo. Kwa mbali ni kibanda cha msonge kilichokuzwa. Lakini ingia ndani utafute nguzo za katikati: hazipo. Uzito umepelekwa pembeni, kwenye nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki, yaani aliyeuawa kwa ajili ya imani yake, na kinachowezesha hilo ni chuma. Msanifu wake ni Justus Dahinden wa Uswisi, na kanisa lilifunguliwa mwaka 1975. Umbo limeazimwa Buganda, uhandisi ni wa karne ya 20. Huo ni usasa unaotafuta mizizi, na kwa maoni yangu ndilo jengo lililofanya hivyo vizuri kuliko yote nchini, kwa sababu halijaribu kujifanya la nyasi.

Wa tatu ni Karuzika, ikulu ya Omukama (mfalme) wa Tooro juu ya kilima Fort Portal: duara la zege la miaka ya 1960, likafanyiwa ukarabati mwaka 2001 baada ya kukaa gofu muda mrefu. Hapa duara limekuwa ghorofa.

Wa nne ni mama ingia pole. Aliyekulia karibu na kambi ya polisi anavijua vibanda vile vya bati vya duara vyenye paa lenye umbo la pia, ambavyo mtu mzima huinama kuingia. Vilitengenezwa kiwandani, vikaunganishwa kwa boliti. Umbo lake ni la msonge, lakini mtindo wake ni wa ghala la jeshi.

Umbo moja, njia nne za kubeba uzito, mitindo minne.

Hatua ya 3: Matundu

Tao la nusu duara linasukuma kuta pembeni, hivyo linadai ukuta mnene. Tao lenye ncha linapeleka uzito chini zaidi, hivyo ukuta unaweza kuwa mwembamba na dirisha kuwa kubwa, hasa likisaidiwa na viegemeo vya nje. Boriti bapa la zege juu ya dirisha halihitaji tao lolote. Ukikuta tao chini ya boriti kama hilo, ujue limewekwa kwa ajili ya macho.

Madirisha pia husaidia kukadiria umri, ingawa hubadilishwa mara kwa mara. Fremu nyembamba za chuma zenye vioo vidogo ni za enzi ya ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru. Luva za kioo, yaani vipande vya kufungua na kufunga kwa kuinamisha, zilikuja kupendwa baadaye. Alumini ya kuteleza ni ya juzi. Dirisha la alumini kwenye ukuta mnene wa matofali linakwambia jengo ni la zamani na pesa ni mpya. Matundu ya hewa juu ya dirisha ni alama nzuri pia: aliyeyaweka alijua joto la hapa na hakutegemea umeme.

Hatua ya 4: Nenda ubavuni, kisha nyuma

Hatua hii inataka miguu, na mahali pake ni Main Street ya Jinja. Nenda siku ya Jumapili asubuhi, maduka yakiwa yamefungwa.

Mbele ya kila duka la zamani utaona uso wa plasta uliopanda juu ya mstari wa paa. Wafanyabiashara wa Kihindi waliojenga mji huu kabla ya uhuru walipenda uso upande kwa ngazi hadi katikati, na pale katikati waliweka jina au mwaka kwa herufi zilizoinuka. Tafuta mistari mitatu ya mlalo inayokwenda sambamba, kona zilizolainishwa badala ya kukatwa, na wakati mwingine miale kama ya jua linalochomoza. Hayo ni maneno ya Ati Deko, mtindo uliopata jina kutokana na maonyesho ya Paris ya mwaka 1925 na kusafiri kwa meli na magazeti hadi Mumbai, Mombasa na huku kwetu.

Sasa ingia kwenye kichochoro cha ubavuni. Ule uso wa fahari una unene wa tofali moja au mawili tu. Nyuma yake bati linashuka kwa mteremko wa kawaida kabisa kuelekea ua, na pale bati linapokutana na uso kuna mfereji. Ukiona ukungu mweusi chini ya nakshi, ujue mfereji umeziba. Nyuma kuna ua, jiko, ghala na vyumba ambako familia iliishi. Mbele kuna baraza yenye nguzo, iliyowafaa wateja wakati wa mvua na mafundi cherehani wakati wa jua. Kwa hiyo jengo lina vitabaka viwili: mpangilio wa duka la Kihindi lenye makazi nyuma, na ngozi ya Ati Deko mbele. Ukisema "Ati Deko" tu umeeleza ngozi peke yake.

Yasome na majina. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, majengo yalipewa watu wengine lakini herufi za plasta zilibaki juu. Baadhi ya wenyewe walirudi na kurudishiwa mali miaka ya 1990. Jina lililo juu na bango lililo chini mara nyingi ni la watu wawili ambao hawakuwahi kukutana.

Zoezi hilihili lifanyie akedi, yale maghorofa ya maduka ya katikati ya Kampala. Mbele ni kioo na paneli za kung'aa. Ubavuni ni matofali yasiyopigwa plasta.

Hatua ya 5: Uliza vifaa vilifikaje

Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mahali panapoitwa leo Kisumu mwaka 1901. Kabla ya hapo, chuma na kioo vilikuja kwa vichwa vya wapagazi. Kwa hiyo jengo la kabla ya 1901 lenye chuma kingi ni la kulitilia shaka. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na maduka ya plasta yakaongezeka. Miaka ya 1950 saruji ilianza kutengenezwa Tororo na bwawa la Owen Falls likafunguliwa, 1954. Baada ya hapo zege likawa la kila mahali.

Ndipo unapoielewa Makumbusho ya Uganda pale Kitante, ya mwaka huohuo wa 1954. Ilichorwa na Ernst May, Mjerumani aliyesimamia ujenzi wa makazi ya Frankfurt miaka ya 1920 kisha akahamia Afrika Mashariki mwaka 1934. Jengo ni la chini, refu, halina nguzo za fahari, na limepangwa ili mwanga na hewa vipite vyenyewe. Ukumbi wa Taifa wa Michezo, wa mwaka 1959, una uso wa zege lenye matundu unaokata jua na kuruhusu upepo. Huu ni usasa wa nchi za joto: pambo lake kuu ni kivuli. Nenda saa sita mchana utaona.

Linganisha na minara ya vioo ya leo, yenye mashine za kupoza hewa zilizoning'inia nyuma. Hiyo ilichorwa kwa ajili ya jua la mahali pengine.

Hatua ya 6: Sasa mapambo, na jina

Nguzo yenye kichwa cha kawaida ni Doriki, yenye mapindo mawili kama pembe za kondoo ni Ayoniki, yenye majani ni Korintho. Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, lililokamilika mwaka 1941, likaungua 2020 na kufunguliwa tena 2024, linazungumza lugha hiyo ya klasiki kwa ulinganifu wake: chora mstari katikati, kulia na kushoto vinafanana. Minara ya mahekalu ya Kihindu, inayopanda kwa mkunjo na tabaka nyingi, huitwa shikhara. Utaiona karibu na soko la Nakasero.

Jina la mwisho liandike kwa sehemu tatu: muundo, ngozi, na wakati. "Ukuta unaobeba, Romaneski iliyohuishwa, 1925." "Duka lenye ua, uso wa Ati Deko, kabla ya uhuru." "Fremu ya zege, nguzo za Kirumi za kubandika, juzi." Nyumba za muzigo, zile za vyumba vilivyopangwa mstari mmoja chini ya bati moja, nazo ziandike. Hazina jina kwenye vitabu lakini zina muundo unaotambulika haraka kuliko kanisa lolote.

Hatua ya 7: Majengo yasiyokuwepo

Hatua ni zilezile, ila swali linaongezeka: mchoraji ameazima wapi?

Ngome za katuni zenye minara myembamba na paa za pia karibu zote zinarudi Neuschwanstein, Bavaria, ambayo mfalme Ludwig II alianza kuijenga mwaka 1869. Hiyo nayo ilikuwa mchezo wa kuigiza: madirisha makubwa ambayo ngome ya vita isingeyathubutu, na ndani mfumo wa hewa ya moto. Katuni imenakili nakala.

Wakanda, nchi ya kubuni ya filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, iliyompa msanifu wake wa mandhari Hannah Beachler tuzo ya Oscar, inaweka mapaa ya msonge juu ya maghorofa. Ipitishe hatua ya kwanza: nani anapanda kuezeka upya nyasi zinapooza? Hatujibiwi, kwa hiyo hapo nyasi ni pambo, ni bendera ya utambulisho. Namugongo ilikabiliwa na swali hilohilo na ikajibu kwa chuma. Wenye filamu wakitaka dhalimu humpa zege tupu lisilo na dirisha, mtindo wa Brutali. Ni uonevu mdogo kwa zege, kwa maana mtindo huo Ulaya ulijenga nyumba za wafanyakazi na maktaba.

Kwenye hadithi za maandishi, soma sauti. "Mvua iliponyesha, redio ya duka haikusikika, na wapita njia wakajazana barazani chini ya mwaka ulioandikwa ukutani." Umekwisha kupata bati, baraza na uso wa plasta, bila mwandishi kutaja mtindo. Hadithi ya Mengo, makao ya Kabaka, ya mwaka 1885 yenye kelele hizohizo za bati kwenye nyumba ya mkulima imekosea. Rudi kwenye hatua ya tano.

Kwenye michezo ya kompyuta fanya kama Jinja: mzungushe mhusika wako hadi nyuma ya jengo. Tafuta mlango wa jikoni, mfereji wa maji, mahali pa moshi kutokea. Usipovipata, andika "ngozi peke yake" na uende kwenye jengo linalofuata.